Uzoefu wangu wa kutuma nyembe za kale kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam

Nyembe ninazozungumzia hapa ni zile za kukunja, ambazo vinyozi wa zamani walizipitisha kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kumgusa mteja shavuni. Babu yangu alikuwa kinyozi Mikindani, na katika sanduku aliloniachia nilikuta nyembe saba, tano zikiwa na mhuri wa Sheffield, Uingereza, na mbili za Solingen, Ujerumani. Tangu hapo nimeongeza nyingine kwa kununua na kubadilishana, na kwa kuwa wakusanyaji wenzangu wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, imenibidi nijifunze kuzisafirisha. Nimetumia huduma mbili, mizigo ya basi na Posta, na kabla sijapata njia ya kufungasha ninayoiamini niliharibu wembe mmoja ambao hautarudi kuwa ulivyokuwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024. Nilipeleka nyembe tatu kwenye ofisi ya mizigo ya kampuni moja ya mabasi, nikamweleza kijana wa mapokezi kwamba ndani mna vitu vya kale na kwamba boksi lisiwekwe karibu na kitu chochote chenye maji. Alinijibu kwa upole, "Kaka, usiwe na wasiwasi, boksi dogo kama hili halikosi pa kukaa." Akaandika risiti, akabandika karatasi ya tahadhari niliyokuwa nimeiandaa mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kisha kimbunga Hidaya kikaleta mvua iliyoikata barabara yetu ya Kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi yakakwama. Boksi langu lilifika siku ya sita. Siilaumu kampuni kwa mvua. Ninachoilaumu ni kwamba siku zote hizo boksi lilikuwa kwenye buti chini ya ndoo ya samaki wa chumvi, na maji ya ndoo ile yalikuwa yamepenya hadi ndani.

Mwenzangu wa Dar es Salaam, ambaye namwita kaka kwa kuwa amenitangulia kwa umri na kwa utaalamu, alinipigia simu kabla hajanitumia picha. "Mdogo wangu, keti kwanza," alisema. Nyembe mbili zilikuwa na madoa ambayo angeweza kuyaondoa. Ule wa tatu, wa Solingen, ulikuwa umeliwa kwenye makali yenyewe: vishimo vidogo kama vya sindano, vimejipanga kuanzia katikati ya bapa hadi karibu na ncha. Asiyezijua nyembe hizi anaweza kudhani kutu hiyo ingesuguliwa ikaisha. Bapa la wembe wa aina ile limechimbwa pande zote mbili hadi likawa jembamba kiasi kwamba ukiyaegemeza makali juu ya ukucha wa kidole gumba na kubonyeza kidogo tu, unayaona yakipinda na kurudi. Hapo hapana chuma cha ziada cha kusugua. Kuiondoa kutu ni kuyaondoa makali, na pamoja nayo maandishi ya dhahabu yaliyochorwa juu ya bapa, ambayo hata kitambaa kikavu chenye nyuzi ngumu huyafuta.

Nilipoomba fidia nilielezwa kwamba risiti haikutaja thamani ya mzigo, na kweli haikuitaja, kwa sababu sikuulizwa nami sikusema. Tangu siku hiyo sikabidhi mzigo wowote bila thamani yake kuandikwa kwenye risiti mbele yangu.

Hata hivyo, nilipozichunguza picha vizuri nililazimika kukubali kwamba sehemu ya uharibifu niliifungasha kwa mikono yangu. Nilikuwa nimezivisha nyembe mifuko ya ngozi, nikazifunga kwa mipira ya kubania ili zisifunguke, nikazizungushia magazeti na sponji. Ngozi hunyonya unyevu na ina tindikali iliyobaki tangu ilipotengenezwa, mpira una salfa inayochafua chuma, na gazeti likishalowa hukaa limelikumbatia bapa kama kitambaa cha maji. Mvuke wa hapa pwani peke yake unatosha kuotesha kutu kwenye chuma cha aina hii, kwa kuwa ni chuma chenye kaboni nyingi kilichotengenezwa kabla chuma kisichoshika kutu hakijawa cha kawaida. Maji ya samaki yalikuja kuikamilisha kazi niliyokuwa nimeianza mimi.

Sasa kazi naianza siku moja kabla. Naufuta wembe kwa pamba, nauacha wazi ndani ya chumba kikavu, kisha napaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya kidole, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali na kamwe si kinyume chake. Mafuta ya nazi, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyo nayo nyumbani, siyatumii, kwa sababu hukaa yakachacha na kuganda kwenye ribiti ambapo bapa linashikana na mpini. Bapa nalivika ukanda wa karatasi ya kuokea mikate, nalikunja ndani ya mpini taratibu nikitazama kama linaingia katikati, kwa maana mipini ya pembe la ng'ombe hupinda kwa miaka na makali yanaweza kugonga ukingo wake. Halafu nafunga kwa uzi wa pamba, mizunguko mitatu au minne, bila kukaza sana. Fundo hili dogo ndilo ninaloliona muhimu kuliko boksi lote, kwani wembe unaofunguka ukiwa njiani hujikata wenyewe, huukata mpini wake, na mwishowe humkata anayeupokea.

Baada ya hapo kila wembe naufunga kwa kipande cha kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, na kuuingiza kwenye kipande chake cha bomba la plastiki, lile la mafundi wa maji, la inchi moja na nusu. Wembe uliokunjwa una urefu wa takribani sentimita 15, kwa hiyo bomba nalikata sentimita 20 na kujaza nguo kwenye miisho yote miwili. Naweka humo kipakiti kimoja cha zile chembe za kukausha unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha naziba kwa vifuniko vya bomba na kuzungusha selotepu, bila kutia gundi, ili mpokeaji asilazimike kutumia msumeno. Mabomba nayalaza ndani ya boksi gumu lenye nafasi ya sentimita tano kila upande, nafasi hiyo nikiijaza vipande vya godoro. Nikimaliza nalitikisa boksi karibu na sikio. Nikisikia chochote, hata mgongano mdogo wa mara moja, nafungua na kuanza upya.

Mzee mmoja mchongaji, jirani yangu, alinishauri nijaze maranda ya mpingo, kwa kuwa anayo mengi na hanidai chochote. Ushauri ulitoka moyoni, lakini mbao nazo hushika unyevu, na vumbi lake huingia kwenye ribiti, kwa hiyo nilimshukuru na kuendelea na godoro.

Nyembe zenye mpini wa seluloidi zinahitaji uangalifu wa peke yake, na hapa ndipo njia yangu ya bomba ingeweza kuniletea hasara ya pili. Seluloidi ni plastiki ya zamani sana, iliyopata hataza Marekani mwaka 1870, na ilitumika kuiga pembe za ndovu na magamba ya ng'amba. Njia rahisi ya kuitambua ni kuusugua mpini kwa kidole hadi upate joto, kisha kunusa: utasikia harufu ya karafumaiti, ileile tunayoijua kwenye maziko, kwa sababu karafumaiti ndiyo iliyochanganywa kuilainisha. Plastiki hii ikizeeka, hasa kwenye joto kama la buti ya basi saa saba mchana, huanza kuoza na kutoa gesi yenye tindikali, na ukiiziba pamoja na chuma umeufungia wembe na adui yake chumba kimoja. Kwa nyembe hizi bomba nalitoboa matundu kadhaa, naziweka kwenye boksi lake tofauti na nyembe za pembe au mpingo, na yoyote yenye mpini ulioanza kupasuka au kunata siitumi kabisa. Seluloidi pia hushika moto upesi, na hilo nalimwambia anayepokea mzigo.

Njia hii niliijaribu kwa mara ya kwanza Novemba ya mwaka uleule, katikati ya msimu wa korosho, kwa basi la kampuni nyingine. Boksi lilifika Mbagala likiwa limebonyezwa upande mmoja hadi likapoteza umbo, bila shaka na gunia. Tulilifungua huku tukionana kwa simu, kaka akikata selotepu polepole nami nikiwa nimeshika picha nilizopiga kabla ya kufunga, kila wembe ukiwa umelazwa kando ya rula. Mabomba yote manne yalikuwa mazima, na uzi ulikuwa kwenye mizunguko yake kama nilivyouacha.

Hata hivyo, kwa wembe wenye thamani ninaouhofia sasa natumia EMS, huduma ya Posta ya kutuma vifurushi kwa haraka, ingawa basi huwahi zaidi. Unapewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ, na kwa namba hiyo unaufuatilia mzigo wako. Ushauri wangu ni kwamba upeleke boksi likiwa wazi. Mara ya kwanza nilikwenda nimekwisha kulizungushia selotepu pande zote, karani akaniomba nilifungue aone kilichomo, na ilikuwa haki yake, kwani vitu vyenye makali lazima vifungwe kwa namna isiyoweza kumjeruhi mfanyakazi. Alipoona mabomba alimwita mwenzake aje kutazama. Tangu hapo nalifunga boksi palepale kaunta, na nje naandika wazi kwamba ndani mna chuma chenye makali.

Wembe mmoja kati ya zile saba za babu haujawahi kuondoka nyumbani. Mpini wake ni wa pembe za ndovu halisi: ukiutazama kwenye mwanga upande uliokatwa unaona mistari myembamba inayokatizana kama wavu, wakati seluloidi ya kuigiza huwa na mistari iliyonyooka na kulingana. Mkusanyaji mmoja wa Ulaya ameniulizia mara mbili. Nimemjibu kwamba biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kwamba sitaandika kitu kingine kwenye fomu ya forodha ili wembe wa babu upite. Umekaa kwenye sanduku lake hapa Mikindani, nami naufungua kila mwanzo wa mwezi, naufuta, na kuupaka mafuta upya.