Uzoefu wangu: Richard II ya kusikiliza

Juzi nimemaliza kusikiliza Richard II ya Shakespeare, ile ya sauti yenye waigizaji wengi, masaa kama mawili na nusu hivi, nimeiskiliza kwenye daladala siku tatu kwenda na kurudi kazini. Mi Shakespeare nilimjulia kwenye Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, hii sasa ni Kiingereza cha kale tena mashairi mwanzo mwisho, kwa hiyo jiandae kurudia rudia.

Ila jamani pale anapovuliwa taji! Huyu Richard, mfalme wa Uingereza, alitawazwa 1377 ana miaka 10 tu, yaani utu uzima wake wote anaitwa mfalme, halafu 1399 binamu yake Bolingbroke anarudi toka uhamishoni kudai mali za marehemu baba yake ambazo Richard alizichukua, na mwisho anaondoka na kiti chenyewe. Wanalishika taji wote wawili, huyu huku yule kule, Richard anasema sisi ni ndoo mbili za kisima kimoja, moja tupu inacheza hewani, nyingine iko chini imejaa maji, na ya chini ndo mimi na machozi yangu. Anaulizwa unakubali kuachia? Anajibu ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Anaagiza kioo, anajitazama, anashangaa sura bado ni ileile, anakivunja. Nilirudia mara nne. Nikamkumbuka mzee wangu alivyostaafu, simu ikiita anapokea "mwalimu mkuu hapa" halafu ananyamaza.

Na hicho kipande hakikuwemo kwenye nakala ya kwanza ya 1597, kilikuja kuchapwa 1608 Malkia Elizabeth ameshafariki. Sishangai, maana 1601 watu wa Earl wa Essex, mkuu mmoja wa Uingereza, waliwaongezea waigizaji shilingi 40 wauigize mchezo huu, kesho yake wakaingia mitaani London kumwasi Malkia, na Essex akakatwa kichwa mwezi huohuo.

Kasoro zipo. Mwanzoni sauti za Bolingbroke na Mowbray, mkuu anayegombana naye, zinafanana, hujui nani anamshtaki nani. Kibaya zaidi ni gerezani, Richard anasikia muziki uliopoteza mapigo, anasema aliupoteza muda na sasa muda unampoteza yeye, waliorekodi wakaupandisha huo muziki mpaka umemmeza, nilibana hedifoni kwa mikono miwili ndo nikamsikia. Hapo naomba warekodi upya.