Matembezi ya mutumbwi Bukavu: ziwa Kivu wanaijua kabisa, mutaa wa Kadutu wameisahau

Shemeji yangu alikuja na mama yake kutoka Lubumbashi, ilikuwa mara yao ya kwanza Bukavu, nikasema badala ya kuwazungusha na teksi kwenye vumbi twende na hawa vijana wenye kutembezaga watu kwa mutumbwi wa motere. Dola 10 kila mutu, masaa matatu, jile za kuokoa wanatoa na wanahakikisha umeifunga kweli, mama mwenyewe walimufungia pole pole mpaka akatulia.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na hiyo saa ndo yenyewe, juu ndo wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanarudi, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, taa za usiku bado zinaning'inia, na wanapiga kasia wakiimba. Kijana wetu alizima motere tukasogea karibu, sambaza zilikuwa zingali zinarukaruka ndani ya beseni, mama akauliza kama zimekuwa humu tangu zamani, kijana akamwambia hapana mama, hizi zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mimi nimekula sambaza na bugali maisha yangu yote na hiyo sikuijua!

Historia anaisema vizuri huyu kijana, hasomi kwenye karatasi. Anakuonyesha peninsula tano, Muhumba, Nguba, Labote na zingine, zinaingia kwenye maji kama vidole vya mukono, halafu anaeleza kwa nini wabeljiji waliofika 1901 walipapenda, karibu metre 1500 juu, hakuna joto, ndo wakapaita Costermansville kuanzia 1927 mpaka miaka ya 1950, jina la mukubwa wao mumoja wa serikali ya Leopold. Bukavu yenyewe wazee wanasema inatoka kwenye mashi, luga ya hapa, mahali pa ng'ombe. Alifika mpaka 1967, wakati Schramme, yule mubeljiji, na mamluki wake walishika muji kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, na kwa Monseigneur Munzihirwa, askofu mukuu wa Bukavu aliyeuawa tarehe 29/10/1996 alipunguza sauti, hatukusema kitu kwa muda. Pale muto Ruzizi inapotoka kwenye ziwa akasema zamani sana maji ya Kivu yalikuwa yanaendaga kaskazini, volkano za Virunga ndo zikafunga njia, ziwa ikajaa ikamwagikia upande wa Tanganyika. Shemeji alibaki mudomo wazi.

Sasa kitu kilichoniuma. Mimi ni mutoto wa Kadutu, Labote nilikuwa naionaga kutoka juu tu. Tukiwa katikati ya maji mama akanyoosha kidole kwenye yale mabati yamebanana mulimani, akauliza, mwanangu, na pale? Kijana akajibu, pale ni Kadutu mama, kuko watu wengi. Basi, akawasha motere. Watu wengi tu? Pale ndo mukoloni aliwapanga weusi wakati yeye anakaa chini kwenye ziwa, asubuhi wanashuka kwa miguu kujenga hizi nyumba nzuri tunazopiga picha, jioni wanapanda kulala, baadaye ikaongezeka Bagira. Ukisema nyumba za Labote bila kusema mikono iliyozijenga umesema nusu ya muji, na soko ya Kadutu mupaka leo ndo inalisha hao wote wa chini.

Nilimwambia mwenyewe tukishuka, kwa heshima, akasikiliza vizuri. Waongeze saa moja ya kupanda na miguu mpaka soko, mimi ningelipa hata dola 15 bila kubishana.

Ila endeni, nawaambia kweli. Muchukue ile ya asubuhi, mchana upepo unapanda na mawimbi yanalowesha, na mubebe koti, mama alitetemeka mpaka jua ikatoka.