Seti ya kuchanganyia kokteli nyumbani: miezi mitano nayo hapa Tabora

Niliiagiza Dar es Salaam mwezi wa tatu, ikaja kwa basi, nikaifuata stendi. Pamoja na nauli ya mzigo, ilinigharimu shilingi 68,000. Ndani mna sheka, yaani chombo cha kutikisia, ya vipande vitatu (kopo, mfuniko wenye chujio na kizibo kidogo cha juu), toti (kikombe kidogo cha kupimia) ya pande mbili, moja mililita 30 na nyingine 60, kijiko kirefu cha kukorogea na mchi wa mbao wa kupondea mnanaa. Naitumia karibu kila Jumamosi. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Nianze na toti, maana ndiyo iliyonisumbua kuliko vyote. Kinywaji nilichotaka kukiweza kwanza ni Daiquiri, kile cha Cuba chenye jina la kijiji cha machimbo karibu na Santiago. Ni ramu mililita 60, maji ya ndimu 30 na shira ya sukari 20, unatikisa na barafu, unachuja. Kina vitu vitatu tu, kwa hiyo ukikosea kidogo ulimi unajua. Changu kila mara kilikuwa kitamu mno, ndimu haisikiki. Nikabadilisha ndimu, nikabadilisha sukari, wapi. Mwisho nikanunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, nikakaa jikoni nikijaza toti maji pole pole. Upande ulioandikwa 30 ulifurika kwenye 25. Ule wa 60 uliishia 58. Shira nilikuwa napimia kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi ya mtoto, ambacho alama zake ni za kweli, basi sukari ilikuwa inaingia kamili na ndimu inapunjwa. Niliporekebisha hilo, jioni ileile Daiquiri ikakaa sawa. Nilifurahi sana, na hapohapo nikaudhika, maana mtu akinunua kipimo ananunua ukweli wa kipimo. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwamba zote ziko hivyo. Siku hizi toti ni ya pombe tu, mengine yote napimia kikombe cha dawa.

Sheka yenyewe ni nzuri. Ni chuma cha pua, haijashika kutu hata kwenye maungio, wala haivuji. Tabu yake ni mfuniko kunasa. Ukitikisa na barafu, chuma kinasinyaa na hewa ya ndani inapoa, mfuniko unajivuta ndani kama umegundishwa. Mara ya kwanza niliipiga kwenye ukingo wa meza na ikabonyea. Usifanye hivyo. Toa kwanza kile kizibo kidogo ili hewa iingie, kisha zungushia mfuniko kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu na uhesabu mpaka kumi. Utafunguka. Mchi ulikuja na vanishi, ikaanza kubanduka kwenye mnanaa, nikaikwangua yote kwa msasa. Kijiko hakina neno.

Barafu haimo kwenye seti, lakini bila hiyo sheka ni kopo tu. Vile vibarafu vyembamba vya kwenye friji vinayeyuka kabla hujamaliza kutikisa, kinywaji kinakuwa majimaji. Nagandisha kwenye makopo ya siagi, halafu navunja mapande makubwa. Natikisa sekunde 12 hadi 15, si zaidi. Maji yenyewe yana kazi yake: mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Kwa hiyo yanahesabiwa kama kiungo. Ukitumia Konyagi, kumbuka ina kilevi asilimia 35, wakati ramu na jini nyingi huanzia 37.5 au 40. Mimi huongeza Konyagi mililita 10 na kutikisa muda mfupi kidogo.

Konyagi ndiyo ilinifikisha kwenye kinywaji ninachokipenda kuliko vyote, Bee's Knees. Jina maana yake ni magoti ya nyuki, na katika mazungumzo ya Wamarekani wa miaka ya 1920 lilimaanisha kitu bora kabisa. Ni jini, limau na asali. Mtu wa Tabora atakosaje kukijaribu? Asali yangu hutoka Sikonge, nyeusi, nzito, na harufu yake ya moshi kidogo. Usiimimine kwenye barafu ikiwa nzito hivyo, itaganda chini ya kopo na utakunywa pombe tupu. Tengeneza shira: vikombe viwili vya asali, kimoja cha maji ya moto, koroga mpaka iwe laini, iache ipoe. Kisha Konyagi 60 badala ya jini, limau 25, shira ya asali 20. Inatoka na povu jepesi juu, rangi ya chai ya rangi.

Mama mkwe hanywi pombe, na sikutaka akae tu na soda wakati wifi zangu wanatikisiwa. Kwa ajili yake nachukua asali ya nyuki wadogo, ambayo ni nyepesi na ina uchachu wake, basi ndimu naitia nusu ya kawaida. Natikisa na barafu na jani la mnanaa, nachuja kwenye glasi ndefu, ndipo namalizia kwa maji ya soda. Soda usiitie ndani ya sheka, itakurukia. Mara ya kwanza nilimpelekea barazani, nikasema, "Karibu, mama." Alikunywa nusu, akaishika glasi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Asali hii umeitoa kwa nani?"