Vitabu vya mitumba Nairobi: kusaka riwaya za upelelezi kwa mfuatano

Vibanda vya vitabu vya mitumba katikati ya jiji ni pazuri pa kuanzia mfululizo wa Poirot, mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, ila kuukamilisha huko kunataka subira. Vitabu hupangwa jinsi vilivyoingia, si kwa mfuatano, kwa hiyo nenda na orodha yako mkononi.

Fungua ukurasa wa hakimiliki utafute mwaka wa chapa ya kwanza. Mwaka wa toleo jipya hupotosha. Angalia pia jina la awali: Lord Edgware Dies (1933) iliuzwa Marekani kama Thirteen at Dinner, na ni rahisi kununua hadithi moja mara mbili. Kagua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Zikiwa zimenyofoka, hutamjua muuaji.

Si lazima usome vyote kwa mpangilio. Lakini Dumb Witness (1937) hufichua wauaji wa vitabu vinne vya awali, na Curtain (1975) iache iwe ya mwisho kabisa.

Ukibahatika kukuta riwaya za Bwana Msa, mpelelezi wa Kiswahili aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, nunua papo hapo: Mzimu wa Watu wa Kale (1960) kwanza, kisha Kisima cha Giningi (1968). Kiswahili cha mwandishi huyu, cha Unguja, ni kitamu mno.