TAHADHARI: Mashine ya mkaa inauzwa kama ya kushindilia chenga za chuma

Wana Tabora na Kigoma, hasa mnaokusanya vyuma chakavu na mafundi wa kerezo, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na "mashine ya chenga, kila kitu ndani", yaani ya kushindilia mabaki ya chuma yanayotoka kwenye kerezo yawe tofali. Anasema yuko Dar. Anataka nusu ya bei kwanza, itumwe kwenye namba ya mtu binafsi, na nusu nyingine mzigo ukifika stendi, kabla hujafungua boksi. Video anayorusha ni ya mashine nyingine kabisa.

Vijana fulani wa Ng'ambo, hapa Tabora, waliniita niwafungie ya kwao. Kufungua kifuniko, nakuta parafujo, mbele yake bomba lenye tundu la mraba, na vumbi jeusi limegandia kwenye grisi. Mashine ya mkaa mbadala hiyo, ya vumbi la mkaa na uji wa muhogo! Rangi mpya, kibao cha mota kimebandikwa kwa gundi, kimeandikwa 60 Hz wakati umeme wetu ni 50. Tukatia chenga kidogo: parafujo ikakwama, mkanda ukaanza kutoa moshi.

Ya kweli inaweza kuwa na parafujo ya kulishia, sawa, lakini kubana ni kazi ya haidroli, yaani presha ya oili. Lazima uone pampu, tangi la oili, silinda nene na geji ya presha. Kama hakuna, achana nayo.

Halafu huyu jamaa anadai mashine yake inakata, inakausha na kushindilia kwa mpigo. Wapi! Chenga ndefu zilizojisokota hupita kwanza kwenye mashine ya kusaga, la sivyo zinaziba mdomo. Zenye maji ya kupoozea hukamuliwa kwenye pipa linalozunguka kwa kasi. Hilo la maji msilichukulie poa: tofali la chenga za alumini lenye maji bado likizamishwa kwenye alumini iliyoyeyuka, ambayo iko juu ya nyuzi 660, maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha uji wa moto usoni mwa mtu.

Kabla ya kutoa hela, mpelekee muuzaji kiroba cha chenga zako mwenyewe, azishindilie ukiangalia kwa simu ya video, kisha akurudishie tofali ulipasue uone kama katikati ni kavu. Anayeuza kihalali hatakataa. Dai risiti ya EFD, jina lililo kwenye risiti lifanane na la mpokea pesa, na ulitafute BRELA, wanakosajili biashara. Picha za mashine wapelekee mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, mikoa yote miwili wana ofisi.

Vijana wale walipompigia akasema "mmeiunganisha vibaya", kisha akawablock. Sasa tangazo lilelile limerudi kwa namba mpya, picha zilezile. Kama umeshatuma nusu ya kwanza, usilipe ya pili stendi hata dereva akikuharakisha. Hifadhi ujumbe wote na muamala, nenda polisi, na namba yake iripoti kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.