Kungwi wa kukodi Mbagala: nyota nne, ya tano nimeishika

Shangazi ndiye mwenye shughuli, kwa hiyo kungwi wa kicheni pati ya binti wa kaka yangu nilimtafuta mimi. Laki tatu, wapiga ngoma ndani yake.

Hahutubii, na hapo ndipo pesa yangu ilipolipa. Mwali kakalishwa mkekani na kanga kichwani. Kungwi akamwinua mgeni mmoja awe mume aliyerudi na hasira, mwingine awe mama mkwe anayekagua masufuria. Jibu papo hapo! Akikosea, kina mama wanaguna. Akipatia, vigelegele na noti za kutuza. Kisha akamgeuza: sasa wewe ndiye mama mkwe. Jamani, alifoka kama marehemu bibi yake mtupu. Nani alimfundisha? Hakuna aliyemkalisha, kakulia jikoni, anasikia. George Herbert Mead, mwanafalsafa wa Chicago aliyefariki 1931, alieleza hilohilo: mtoto hujijua kwa kuigiza nafasi za wenzake, akianza na michezo kama ya baba na mama.

Nyota ninayomnyima ni ya mafunzo yenyewe. Vumilia, nyamaza, sitiri, basi. Mwali wetu ni mhasibu. Alipouliza mshahara wake utapangwaje nyumbani, kungwi akapandisha wimbo. Unyago wa mabibi zetu angalau ulikuwa na siku za kutosha kuulizana.

Alichelewa pia, pilau ikapoa.

Mkimkodi, mpeni mapema mnayotaka yafundishwe. Ni msikivu akiambiwa kabla ya ngoma kuanza.