Spea za jiko la zamani la kuni: mafundi wa Sido Mbeya wanaweza, ila sio kila kitu

Wadau mlio na yale majiko mazito ya chuma ya kizamani, yaliyokuwa kwenye nyumba za misheni na mashamba ya chai, tafadhali msiyauze chuma chakavu. La kwetu ni Rayburn ya Uingereza, liko Tukuyu, na kwa mvua na baridi ya kule jiko ndo kila kitu, linapika, linachemsha maji ya kuoga, linakausha nguo za watoto. Sasa wavu wa ndani, pale kuni zinapokaa, ulikatika vipande na sikio la bawaba ya mlango likapasuka. Spea Uingereza bado zinauzwa, ila chuma kizito kile ukijumlisha usafiri na ushuru unachoka kabla hujalipa.

Kuna fundi, sehemu nyingine kabisa, alitaka kunimiminia wavu wa alumini kama anavyomimina sufuria. Nilikataa na nyie mkatae, alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, na makaa ya miti ya miwati yakikolea yanapita hapo, wavu wote utaukuta chini kwenye majivu.

Fundi wa Sido, lile shirika la viwanda vidogo, alikuwa tofauti. Nilimpelekea vipande vyote vya zamani (msiende na picha ya simu tu, bebeni chuma chenyewe), akavipanga chini kwenye sakafu, akapima kwa kalipa, afu akanionyesha jinsi vilivyopinda katikati. "Mama, hapa majivu yalijaa chini mpaka yakagusa wavu, hewa haipiti, chuma hakipoi." Akatengeneza mpya kwa flati baa nene (vyuma bapa) alizozisimamisha kwa ubavu zisilegee haraka, na akaukata mfupi milimita 4 makusudi kwasababu chuma kikipata moto kinatanuka, ukibana kabisa utapasua kuta za jiko. Hiyo sikuwahi kuiwaza.

Sikio la mlango ndo lilinifurahisha zaidi. Ni kasti, yaani chuma cha kumimina, na kasti ukiichomea na rodi za kawaida inapasuka tena pembeni ya weldi, yeye alitumia rodi za nikeli, akaipasha kwanza kwenye makaa, akachomea kidogo kidogo huku anagonga na nyundo ndogo, alipomaliza akaifukia kwenye majivu ipoe taratibu mpaka kesho yake. Mlango unafunga vizuri kabisa.

Bei elfu 85 kwa kazi zote mbili, rodi za nikeli ndo zilipandisha. Kwangu ni halali yake. Kilichoniudhi ni muda tu, unaambiwa Jumatano unapewa Jumatatu, anayetoka Tukuyu apige simu kwanza kabla hajapanda gari.

Wavu wa kuchomelea hautadumu kama wa kasti, utapinda siku moja, ila vipimo anavyo na kuutengeneza mwingine ni kazi ya nusu siku.

Kilichonishinda ni ile kamba ya kuziba moshi mlangoni, hawana na hawawezi kuitengeneza. Na kama jiko lako ni la miaka ya 1950 au 60, kamba yake ya zamani inaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, usiikwangue kavu, ilowanishe kwanza na uzibe pua na mdomo. Mwenye kujua duka Mbeya, Iringa au hata Makambako linalouza kamba ya nyuzi za kioo ya milimita 10 aniambie, moshi bado unavuja juu kidogo.